Sufu Haina Soko, Sawa, Lakini Miguu ya Kondoo Nyoa

Wiki hizi nimekuwa nikizunguka mashamba ya kondoo huku kwetu juu kwenye baridi, na kuna jambo moja nimelirudia mpaka sauti imenikauka. Leo naliandika hapa ili asiyenisikia bomani anisome kwenye simu.

Kondoo wa sufu anayeachwa na manyoya marefu miguuni, tumboni na chini ya mkia mpaka siku ya kuzaa, ameachwa bila ulinzi. Mnyoe. Usingoje mnunuzi wa sufu, usingoje bei ipande, usingoje kinyozi wa kijiji apate nafasi. Hata kama mwili wote hutaunyoa mwaka huu, hizo sehemu tatu zinyoe.

Nasema na nyinyi mnaofuga Corriedale, Merino, Hampshire Down, Romney Marsh, na wale machotara wao ambao ndio wengi kule Kinangop, Molo, Mau Narok na Timau. Wewe wa Dorper au wa kondoo mwekundu wa Kimasai, shida hii si yako sana, kwa sababu Dorper huangusha manyoya yake mwenyewe na kondoo wa Kimasai ana nywele fupi tu. Lakini soma, huenda kesho ukanunua chotara.

Hesabu imewekwa ukurasa usio wake

Vijana wengi wananiambia, "Afisa, sufu haina bei. Nauli ya kupeleka gunia inakula pesa yote. Mimi nafuga nyama. Kwa nini nimlipe mtu anyoe kitu ambacho sitauza?"

Ukweli usemwe, kuhusu bei hawadanganyi. Sufu imeshuka thamani kwa miaka mingi na mfugaji mdogo mwenye kondoo ishirini au thelathini hana nguvu ya kubishana na mnunuzi. Mimi sitakudanganya kwamba sufu itakutajirisha.

Kosa liko kwenye hesabu. Umeweka kunyoa kwenye ukurasa wa mavuno, ilhali kunyoa ni kazi ya ukurasa wa afya, pamoja na dawa ya minyoo, josho na kukata kwato. Ukikata kwato za kondoo, kuna aliyewahi kukuuliza zile kwato utaziuza wapi? Hakuna. Unakata ili mnyama atembee. Na manyoya ni hivyo hivyo.

Tena kumbuka mnyama huyu hawezi kujinyoa. Kondoo wa mwituni huangusha manyoya yake kila mwaka. Hawa wetu wa sufu, binadamu aliwachagua kizazi baada ya kizazi wale wasioangusha, mpaka ile tabia ikaisha. Kule New Zealand kuna kondoo wa Merino aliyeitwa Shrek, alijificha mapangoni miaka 6. Alipokamatwa na kunyolewa mwaka 2004 alitoa sufu ya kilo 27. Australia mwaka 2015 wakampata mwingine, wakampa jina Chris, naye alikuwa amebeba zaidi ya kilo 40. Watu waliwacheka kwenye picha, lakini wanyama wale walikuwa kwenye mateso. Ukileta kondoo wa sufu bomani, umeleta na kazi ya kumnyoa. Hivyo viwili havitenganishwi.

Miguu: manyoya yanaficha nini?

Nianze na miguu kwa sababu ndiyo inayodharauliwa zaidi. Na nianzie mbali kidogo, kwa farasi.

Uingereza na Uskoti kuna farasi wakubwa wa kuvuta mizigo, aina ya Shire na Clydesdale. Miguu yao imefunikwa na manyoya marefu kuanzia karibu na goti mpaka juu ya kwato, kama mtu aliyevaa suruali pana. Wenye farasi hao wanayapenda manyoya hayo kwa sababu yanapendeza kwenye maonyesho. Lakini ndani yake hukaa utitiri mdogo sana ambao macho yako hayauoni vizuri, unaitwa Chorioptes. Farasi hupiga miguu chini usiku kucha, hujiuma, ngozi hupata magaga na vidonda. Na kila mwaka kuna mabishano: daktari anasema nyoa ili dawa ifike kwenye ngozi, mwenyewe anasema nikinyoa nitaenda vipi kwenye maonyesho?

Kwa nini nakuambia habari za farasi wa Wazungu? Kwa sababu utitiri wa jamii hiyo hiyo ya Chorioptes uko kwa kondoo pia, na kwa kondoo unapenda pale pale: miguuni, sehemu za chini. Kwa kondoo dume unapenda na mfuko wa korodani. Hapo sasa sikiza vizuri. Ngozi ya korodani ikishambuliwa sana inavimba na kuwa na joto, na korodani zikipata joto mbegu zinaharibika. Utakuwa na dume mzuri, mwenye mgongo mpana, anapanda majike wote, na majike hawashiki mimba. Utalaumu malisho, utalaumu majike, utalaumu hata jirani. Kumbe shida ilikuwa ndani ya manyoya ambayo hukuwahi kuyapanua ukaangalia.

Na usiseme "nitapiga sindano tu". Sindano ya aivamektini inafanya kazi nzuri kwa wadudu wanaonyonya damu na maji ya mwili. Chorioptes hula magamba ya juu ya ngozi, kwa hiyo sindano humpunguza lakini mara nyingi haimmalizi. Dawa inayomfikia vizuri ni ya kuogesha au kupaka, na dawa ya kupaka haipiti kwenye manyoya yenye tope la miezi minane. Itaishia juu juu, umemwaga pesa.

Jambo la pili ni kwato. Wakati wa mvua ndefu, Machi mpaka Mei, boma la huku kwetu ni uji. Mguu wenye manyoya hubeba tope, tope linashikana na mavi, na ngozi iliyo katikati ya kwato inakaa na unyevu mchana na usiku. Huo ndio mlango wa ugonjwa wa kuoza kwato. Bakteria wake hupenda unyevu na ngozi iliyolainika. Sisemi manyoya ndiyo yanaleta ugonjwa, hapana, unaletwa na kondoo mgonjwa na boma bovu. Lakini manyoya yanaficha mwanzo wake. Mguu ulionyolewa unaona wekundu siku ya kwanza. Mguu wenye "soksi" unaona siku kondoo anapolisha akiwa amepiga magoti. Wahenga walishasema, mdharau mwiba mguu huota tende.

Nyuma na kiweleni: hapa ndipo wanakondoo hufia

Mwaka jana kijana mmoja wa eneo langu aliniita. Amechukua mkopo wa chama, amenunua majike chotara, wamezaa vizuri, na wanakondoo wanakufa siku ya kwanza na ya pili. Alishaambiwa ni nimonia, alishauziwa dawa mbili za antibayotiki. Nilipofika nikamshika jike mmoja, nikamuangalia kiwele. Kimejaa, maziwa yapo tele. Lakini chuchu zenyewe huzioni. Zimezungukwa na vishada vya sufu iliyoganda na mavi, vinaning'inia vimekaa kama chuchu. Mwanakondoo amezaliwa saa kumi usiku, baridi ile unaijua, anatafuta kwa mdomo. Anashika kishada cha sufu, ananyonya mavi, anachoka, analala chini. Asubuhi ni mzoga.

Mwanakondoo anahitaji maziwa ya kwanza, yale mazito ya njano, ndani ya saa chache tu, na saa mbili za mwanzo ndizo bora zaidi. Maziwa hayo ndiyo moto wake na ndiyo kinga yake. Hakuna sindano ya dukani inayochukua nafasi yake. Tulikata vile vishada kwa majike waliobaki siku ile ile. Sikuandika dawa yoyote.

Kisha kuna nzi. Nzi wa kijani anatafuta sehemu yenye unyevu na harufu, na chini ya mkia wa kondoo anayeharisha ndiyo nyumba yake. Anataga, na mayai yanaweza kuanguliwa ndani ya siku moja. Funza wanaanza kula ngozi ya mnyama angali hai. Dalili za mwanzo ni kondoo kukaa peke yake, kupiga miguu, kugeuza kichwa kuangalia nyuma, kutikisa mkia. Kama sufu ni ndefu, ukija kuwaona funza tayari wametengeneza kidonda cha ukubwa wa sahani. Sehemu iliyonyolewa hukauka, haina harufu, na nzi hupita.

Mnaonipinga, nawajibu

*"Huku ni baridi, utawaua."* Hoja hii naiheshimu. Kondoo aliyenyolewa mwili mzima halafu akanyeshewa usiku wa Julai, juu ya mita 2,400, anaweza kufa kweli. Ndiyo maana mwili mzima tunanyoa Januari au Februari, kabla ya mvua ndefu, na siyo katikati ya masika wala kipupwe. Lakini mimi nazungumzia miguu, kiwele na chini ya mkia. Sufu ya mgongo na ya mbavu, ile inayomtia joto, hatuigusi. Tena jike mwenye kiwele kisafi analisha mtoto haraka, na mtoto aliyeshiba hafi baridi kirahisi.

*"Mnunuzi anataka dume mwenye soksi."* Nimeona minadani, Hampshire mwenye miguu yenye manyoya tele anavutia macho, anaonekana mnene, anaonekana ni wa asili kabisa. Lakini wewe unauza sufu ya miguu au unauza mbegu? Na wewe mnunuzi, acha kununua soksi. Panua manyoya uone ngozi. Shika korodani uone kama ni laini, sawa pande zote, na hazina magaga. Angalia katikati ya kwato. Muuzaji anayekataa usipapase miguu ya dume wake amekwisha kukujibu.

*"Manyoya yanamkinga na miiba na mawe."* Kiasi, ndiyo. Kwa hiyo usinyoe kipara. Miguuni acha urefu wa kama sentimita mbili. Tunataka kuondoa kile kinachobeba tope na kuficha ngozi, hatutaki kumchuna.

*"Sina muda."* Haya, tupige hesabu. Una majike thelathini. Kila mmoja akikuchukua dakika tano, ni dakika 150, yaani saa mbili na nusu. Ni mchana mmoja, na mara moja au mbili kwa mwaka. Upande wa pili, mwanakondoo mmoja akifa amekula miezi mitano ya mimba, malisho ya mama, dawa za mama, na miezi utakayongoja mpaka jike huyo azae tena. Weka bei ya kwenu mwenyewe kwenye daftari. Sijaona bado daftari ambalo saa mbili na nusu zinakuwa ghali kuliko mwanakondoo.

Ratiba na namna ya kufanya

Anza na tarehe ya dume. Mimba ya kondoo ni kama siku 147. Ukiingiza dume tarehe 1 Agosti, wa kwanza watazaa karibu na tarehe 26 Desemba. Nyoa wiki nne mpaka sita kabla, maana yake kati ya tarehe 14 na 28 Novemba. Novemba kuna mvua za vuli, kwa hiyo vizia siku kavu. Asiyeandika tarehe ya dume atanyoa kwa kubahatisha, na kondoo watamtangulia.

1. Usinyoe kondoo mwenye maji. Sufu ikilowa makasi yanavuta ngozi, na kidonda kinachelewa kukauka.

2. Jike mwenye mimba kubwa usimkalishe matako wala kumlaza chali. Mnyoe akiwa amesimama, mwenzako amemshika kidevu na amembana taratibu ukutani. Fujo inaweza kumfanya atupe mimba.

3. Tumia makasi ya kunyolea kondoo yaliyonolewa, au mashine kama mko kwenye kikundi mnachangia. Makasi ya kitambaa na wembe, acha nyumbani. Makasi butu ndiyo hukata watu na kondoo.

4. Anzia chini ya mkia, shuka ndani ya mapaja, kisha zunguka kiwele. Funika chuchu kwa vidole vya mkono wa pili kabla hujakata. Mtamba anayezaa mara ya kwanza chuchu zake ni ndogo sana, na ukikata moja umemharibu maisha yote.

5. Miguuni, nyoa kuanzia goti la mbele na kifundo cha mguu wa nyuma kushuka mpaka kwato. Chunga ule mshipa mkubwa unaopita nyuma ya mguu wa nyuma, juu ya kifundo. Makasi yalale bapa, yasichome ncha.

6. Kwa dume, kata manyoya marefu ya korodani kwa uangalifu na uangalie ngozi. Uso wake, kama sufu imeziba macho, nyoa. Kondoo asiyeona vizuri halishi vizuri.

7. Anza na wachanga, kisha wakubwa, na mwisho kabisa wenye majipu au ngozi mbaya. Osha na uue vijidudu kwenye makasi kati ya mnyama na mnyama. Majipu ya tezi husambaa sana kwa makasi yanayotoka kondoo mmoja kwenda mwingine.

8. Ukimkata kwa bahati mbaya, paka ayodini papo hapo. Muulize daktari wa mifugo kuhusu chanjo ya pepopunda na magonjwa ya jamii hiyo kabla ya msimu, siyo baada.

Ukikuta magaga, ngozi nene au wekundu, usikimbilie agroveti kuchukua chupa yoyote. Mwite daktari wa mifugo akwangue ngozi na aangalie ni utitiri gani, kwa sababu wa ukurutu wa mwili na huyu wa miguu hawatibiwi sawa. Na ukipewa dawa, heshimu siku za kungoja kabla ya kuchinja.

Kwa kwato zenye shida, bafu ya miguu ya zinki salfeti ya asilimia 10, yaani kilo moja kwa lita kumi za maji, inasaidia. Miguu isimame ndani dakika kadhaa, kisha kondoo asimame pakavu. Ile dawa ya bluu ya shaba usiiweke pale kondoo anaweza kuinywa. Kondoo hustahimili shaba kidogo sana kuliko ng'ombe, na sumu yake huua.

Sufu uliyokata nayo usiiache bomani. Ile yenye mavi ina naitrojeni, izike kwenye mboji au uitandaze chini ya miti ya matunda. Ile ya mnyama mwenye ukurutu, ichome. Wadudu wa ukurutu wanaweza kukaa hai nje ya mnyama kwa zaidi ya wiki mbili wakiwa wamejificha kwenye vishada kwenye waya na nguzo.

Neno langu

Vijana mnaingia kwenye kondoo kwa nguvu na mimi nafurahi. Mna simu, mna vikundi, mnajua kutafuta soko la nyama kuliko wazee wetu. Lakini ufugaji wa biashara hauanzi mnadani, unaanza kwa mkono wako kugusa ngozi ya mnyama. Manyoya ya miguuni yanakupa sababu ya kutogusa. Kondoo anaonekana msafi kwa mbali, mnene kwa mbali, mzima kwa mbali. Benki au chama kilichokukopesha hakitakuuliza alionekana vipi kwa mbali.

Wengi wenu majike watazaa Desemba. Toka leo jioni, kamata jike mmoja tu, mpanue manyoya miguuni na umtazame kiwele. Kisha niandikie hapo chini umeona nini, na tarehe uliyoingiza dume. Nitawajibu mmoja mmoja, na walio kwenye eneo langu tupange siku, tunoe makasi pamoja.